Mfano Unaokuudhi



Ipo mifano ya Yesu ambayo Mkristo wa hapa Ukonga, Dar es Salaam, ukimwamsha saa nane za usiku atakusimulia bila kusita: mpanzi na mbegu zake, kondoo aliyepotea, mwana mpotevu, Msamaria mwema. Tumeisikia tangu mafundisho ya Kipaimara, tumeiigiza sikukuu ya watoto mashuka yakiwa mabegani, tumeiimba kwayani. Tumeizoea mno. Msomaji akianza tu kusema palikuwa na mtu mwenye wana wawili, sisi tuliokaa kwenye benchi tumeshafika mwisho, tunamsubiri atukute.

Wataalamu wa Biblia hawajakubaliana hata idadi ya mifano hiyo. Wengine huhesabu 30 na kitu, wengine hupita 40, kwa kuwa si rahisi kusema methali inaishia wapi na mfano unaanzia wapi. Lakini katika mifano hiyo yote, kila mmoja wetu ana michache anayoipenda, na mmoja au miwili anayoipita haraka haraka. Leo nataka niutetee huo unaopitwa. Ukitafuta mfano wenye neno lako wewe, wewe na si jirani yako, anzia kwenye ule unaokuudhi.

Na wewe msikilizaji usiye Mkristo, usizime redio. Habari zilizomo humu ni mshahara, deni, mifugo, ndugu waliogombana. Hizo hazina dhehebu.

Neno hili la kuanzia kwenye mfano unaokuudhi sikulibuni. Limo katika Biblia yenyewe, karne nyingi kabla ya Yesu, Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Mfalme Daudi amemchukua mke wa askari wake Uria, kisha amepanga Uria afie vitani. Mambo yamefunikwa, ikulu kimya. Nabii Nathani anaingia, wala hamkaripii. Anamsimulia habari ya tajiri mwenye mifugo tele aliyepata mgeni, akaona uchungu kuchinja wa kwake, akaenda kumnyang'anya maskini kondoo wake mmoja aliyemlea ndani pamoja na watoto. Daudi anawaka. Anaapa kwamba mtu wa namna hiyo anastahili kufa. Ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Angalia kazi iliyofanywa na ile hasira. Mahubiri yasingempata Daudi, maana mfalme ana watu wa kumwambia kwamba amefanya vema. Hasira ndiyo iliyomfungulia nabii mlango. Ilikuwa hasira ya haki kabisa, ila mwenyewe hakujua inamwendea nani.

Sasa twende Mathayo 20.

Yeyote anayetoka Ukonga au Gongo la Mboto alfajiri kwenda mjini kwa Barabara ya Nyerere ameshawaona. Mbele ya mageti ya viwanda, vijana na kina mama wamesimama tangu giza halijatoka. Mkononi mfuko, ndani yake nguo za kazi na malapa. Msimamizi anatoka, hasalimii, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu. Waliochaguliwa wanakabidhi vitambulisho, wanaingia. Wasiochaguliwa hawaondoki. Wanasogea kivulini, maana huenda gari la mzigo likaja saa nne, huenda mmoja akaumia ndani akatakiwa wa kuziba nafasi. Saa sita baadhi yao bado wapo. Kibarua, msikilizaji, haanzi kuchoka anapobeba gunia. Anaanza kuchoka anaposubiri kulibeba.

Katika mfano ule, mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri, anapatana na watu dinari moja, ambayo ndiyo iliyokuwa ujira wa kutwa. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Saa kumi na moja jioni, jua linakaribia kuzama, anawakuta wengine wamesimama, anawauliza mbona wamekaa bure mchana kutwa. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Likafika suala la malipo. Wa saa kumi na moja wakaanza, kila mtu dinari yake. Wa alfajiri wakapiga hesabu kwamba wao lazima watapata zaidi. Nao wakapewa dinari.

Tuliusoma mfano huu kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo. Tulikuwa tumekaa uani kwa mwenzetu, kwenye viti vya plastiki na mabenchi mawili ya kuazima, na kila ndege iliyokuwa ikishuka uwanjani ilimlazimisha msomaji anyamaze katikati ya mstari mpaka ipite. Alipomaliza, mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi na kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alivua miwani akasema waziwazi kwamba mfano huu haumpendezi.

"Mwajiri wa namna hii mimi ningempeleka CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi," alisema. "Tulipigania miaka yote kwamba anayefanya kazi zaidi alipwe zaidi. Leo huyu anawapendelea hawa. Kesho nani atakuja alfajiri?"

Watu walicheka kidogo, lakini yeye hakuwa anatania, na hoja yake ni nzito.

Akajibiwa na mama mmoja anayefulia watu nguo, ambaye kwa kawaida haongei kabisa. "Mzee wangu, naomba nikujibu kwa heshima. Mimi ndiye wa saa kumi na moja." Akaeleza taratibu. Zipo siku anagonga mageti tangu asubuhi, Ukonga yote mpaka Majumba Sita, hapati nguo za kufua. Saa kumi ndipo anapata nyumba moja, beseni moja, na analipwa fedha ya beseni moja. "Lakini watoto wangu, mzee, hawana njaa ya beseni moja. Njaa yao ni ya kutwa."

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo sijalisikia kwa mhubiri yeyote: kwamba miaka yake yote ya utetezi aliwapigania waliokwisha kuingia getini, na wale wa nje hakuwahi kuwahesabu kuwa ni wafanyakazi.

Mfano haukumshinda mzee kwa hoja. Haki ya mfanyakazi iko palepale, na mwajiri atakayeutumia mfano huu kuwapunja watu wake ana kesi ya kujibu mbele ya Mungu. Mzee alionyeshwa tu mahali alipokuwa amesimama siku zote, na hakuna mwingine pale uani aliyeonyeshwa mahali hapo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeudhika kama yeye.

Watu wamebishana tangu zamani namna ya kuisoma mifano. Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliuchukua ule wa Msamaria akauona umebeba historia yote ya wokovu: aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi ni Adamu, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba ni mtume Paulo. Kanisa lilisoma hivyo karne kwa karne. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Adolf Jülicher akapinga vikali, akasema mfano una hoja moja na tusiupakie mizigo mingine. Kisha C. H. Dodd wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1935, akaeleza kwamba mfano humshika msikilizaji kwa ugeni wake na kumwachia shaka ya kutosha mpaka alazimike kufikiri. Hiyo shaka ndiyo ninayoishika mimi. Agustino alikuwa mkubwa, lakini akikugawia kila kitu maana yake, wewe huna kazi iliyobaki.

Na tunaye shahidi wa karibu zaidi. Barabara niliyoitaja ina jina lake, na uwanja wa ndege vilevile. Kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu hapo juu Pugu, Shule ya Mtakatifu Fransisko, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955 alipotakiwa achague kati ya darasa na siasa. Uzeeni, Mwalimu Nyerere alizitunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa na Wabenediktini mwaka 1996, miaka mitatu kabla hajafariki. Ifikirie kazi ile. Mhubiri huchagua. Akiona mfano mgumu, Jumapili hiyo anahubiri juu ya zaka. Anayetunga utenzi wa Injili nzima ya Luka hana pa kuruka: atapita kwa wakili dhalimu aliyesifiwa na bwana wake kwa ujanja, na hawezi kumwacha mpaka ampatie vina na mizani nane kila kipande. Mtu aliyetuandikia Azimio la Arusha alilazimika kukaa na mwenye shamba la mizabibu ubeti kwa ubeti. Kwangu mimi huo ndio usomaji hasa, na sioni kwa nini tuwaachie watunzi peke yao.

Chukua kondoo aliyepotea. Wengi wetu hatuoni kero yoyote hapo, ni mfano wa picha ya ukutani. Anayeona kero ni mfugaji. Waulize wanaoleta mifugo mnada wa Pugu kama wanaweza kuacha kondoo 99 porini wakamtafute mmoja. Watakuambia ukirudi utakuta wamebaki 60. Hesabu haikubali, na Yesu, aliyekuwa akizungumza na watu wanaojua mifugo, alijua kwamba haikubali.

Lakini watu wa Gongo la Mboto na Ukonga wana usiku wao. Jumatano, tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalilipuka katika maghala ya kambi ya jeshi Gongo la Mboto. Anga likawa jekundu, vyuma vikaanguka juu ya mapaa ya watu mbali na kambi. Watu zaidi ya 20 walifariki, mamia walijeruhiwa, maelfu walikimbia kwa miguu gizani, wengine bila viatu, kila mmoja upande wake. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Walikusanywa Uwanja wa Uhuru, na wazazi wakawa wanapita pale wakitazama sura moja baada ya nyingine. Sasa msimamishe mzazi wa usiku ule aliyefika Tazara na watoto watatu, akageuka akaona wa nne hayupo. Mwambie robo tatu ya watoto wake wako salama, atulie. Atawakabidhi wale watatu kwa mtu asiyemjua hata jina, arudi kule kule moto ulikotoka.

Kero ya mfugaji imewekwa mle makusudi. Inamtaka kila mmoja aseme yule anayekosekana nyumbani kwake anamhesabu kwa hesabu gani, ya mnadani au ya usiku ule. Wapo kati yetu wenye ndugu ambaye simu yake haijapigwa mwaka mzima, na tunasema mbona tuliobaki tupo wengi.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko watu wanaudhika kwa urahisi. Mathayo 18. Yesu alitaja tarakimu, basi na sisi tupige hesabu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa siku. Tuseme kibarua wetu analipwa shilingi 10,000 kwa kutwa. Mtumwa wa kwanza alidaiwa na mfalme talanta 10,000. Hizo ni shilingi bilioni 600. Akapiga magoti, akaomba avumiliwe, akaahidi kulipa zote. Atalipa kwa kitu gani? Mfalme akamhurumia, akafuta deni lote. Mtu yule akatoka nje, akakutana na mwenzake anayemdai dinari 100, yaani shilingi milioni moja. Akamkaba koo, kisha akampeleka gerezani.

Milioni moja ni fedha kweli, ndiyo sababu mfano unauma. Yesu angetaja dinari mbili tungemwona yule mtumwa kichaa, tukaenda zetu. Milioni moja hapa kwetu ni kodi ya chumba kwa mwaka na zaidi, ni mtaji mzima wa genge. Anayekudai milioni moja ana haki ya kuidai.

Na mitaa yetu imejaa madeni. Mikopo tunayoiita kausha damu imeingia kila uchochoro. Siku ya marejesho mama anajifungia ndani, watoto wanafundishwa kusema mama katoka. Akishindwa, wanakuja kubeba: jiko la gesi, subufa, godoro. Kinachoniumiza ni kwamba mara nyingi wanaobeba si wageni. Ni wanakikundi wenzake waliodhaminiana naye, wanaoimba naye kwaya moja, na wanamkaba kwa sababu wao pia wamekabwa. Riba ile ni dhuluma, nasema hivyo bila kumung'unya, na serikali ina wajibu wa kuishughulikia.

Lakini mfano hauanzii kwa anayedaiwa. Unaanzia kwa aliyefutiwa. Kwa hiyo ukitaka ukuguse, weka pembeni daftari la unaowadai, ujiulize ni lini na wewe ulifutiwa. Watu wazima tukiulizwa hivyo hatukumbuki haraka. Karo uliyolipiwa na mjomba mpaka kidato cha nne. Chumba ulichokaa kwa shangazi ulipofika Dar, hukuulizwa kodi wala umeme. Mwalimu aliyekuacha ufanye mtihani wakati jina lako lilikuwa kwenye orodha ya wanaodaiwa. Muuguzi aliyekununulia dripu. Ukiandika yote hayo ukajumlisha, ile bilioni 600 haitaonekana chumvi.

Nimetaja gereza. Sisi wa Ukonga tunaishi nalo. Katika Mathayo 25, wale waliowekwa mkono wa kushoto hawakutajiwa wizi, uzinzi wala uuaji. Kosa lao ni watu waliowapita: mwenye njaa, mgonjwa, mfungwa. Mkristo wa sehemu nyingine anaweza kusema magereza yako mbali. Mkristo wa Ukonga hawezi, kwa kuwa daladala lake linapita pale kila siku.

Kisha kuna mjane na hakimu, Luka 18. Hakimu hamwogopi Mungu wala hajali watu. Mjane anakwenda, anarudi, anakwenda, mpaka hakimu anampa haki yake kwa kuchoka tu. Majirani zetu wa Kipunguni wanaujua mfano huu kwa miili yao. Nyumba zao zilifanyiwa uthamini mwaka 1997 ili kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na fidia ikachukua zaidi ya miaka 20 kuwafikia. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa uthamini alikua, akamaliza shule, akapata mchumba, na wazazi wake walikuwa bado hawajui wapige plasta au wafungashe.

Wote tukiusoma mfano huu tunajiweka upande wa mjane, na hapo hautuudhi hata kidogo, unatufariji. Jaribu kiti cha hakimu. Usifikirie mahakama. Mwenye nyumba anayeshikilia kodi ya mpangaji aliyehama ana kiti hicho. Mwenyekiti wa mtaa ambaye barua ya utambulisho haitoki mpaka urudi mara ya tatu anacho. Hata fundi cherehani aliyepokea kitambaa cha harusi na kila siku anasema njoo kesho. Yule anayekusumbua kwa kurudi rudi, mtu ambaye ukimwona tu kwa mbali unakunja uso, ndiye mjane wako. Usomaji wa namna hii haufariji, lakini nimeona ukimaliza kazi ya wiki tatu kwa asubuhi moja.

Na mimi nina wangu. Wanawali kumi. Katika mtaa ambao watu wanaazimana chumvi, makaa ya moto, hata viti vya msiba, nasoma kwamba wanawali watano wenye busara waliombwa mafuta kidogo wakakataa, na Yesu hakuwalaumu. Mfano huu uliniudhi miaka mingi, mpaka mama yangu alipofariki. Usiku ule wa msiba nilitaka kusali kama alivyokuwa akisali yeye, nikakuta kwamba nilikuwa nikiishi kwa mwanga wa taa yake. Sala za maisha yote haziazimwi usiku mmoja. Sijaupenda mfano ule, ila siuruki tena.

Nimeuacha mwisho ule tunaouita mwana mpotevu, Luka 15, kwa sababu jina lenyewe tulilolizoea linamficha anayetuhusu wengi wetu. Wana walikuwa wawili. Mdogo alichukua urithi wake baba angali hai, akaenda kuutapanya, akaishia kulisha nguruwe, akarudi. Baba akamkimbilia, akamvika joho na pete na viatu, akachinja ndama. Kaka mtu anatoka shambani, anasikia ngoma, anauliza kuna nini. Akiisha kuambiwa, anakataa kuingia.

Karibu kila familia ninayoijua ina mmoja aliyebaki. Nawajua ndugu wawili, na kwa heshima yao sitaji mtaa. Kaka aliingia kwenye dawa za kulevya. Aliuza simu za watu, akauza sufuria, akauza mpaka mabati ya jiko la uani. Katika miaka hiyo mama yao akapigwa na kiharusi, na dada akaacha biashara yake ya vitenge ili amhudumie. Kaka alipata msaada kwenye kliniki ya methadoni, akatulia, akanenepa, akarudi nyumbani. Mama, ambaye anaongea kwa shida, alidai lipikwe pilau, ndugu waitwe. Siku hiyo dada alikuwa bombani anafua mashuka. Nilimfuata kumsalimia. Aliniambia, "Kaka yangu, mimi sijakataa arudi. Nimekataa pilau. Mwaka wa ngapi huu namgeuza mama kitandani, nani amewahi kunipikia hata chai?"

Hilo ndilo neno la kaka mkubwa katika Injili, ambaye alilalamika kwamba hajapewa hata mwana-mbuzi wa kufurahi na rafiki zake. Na mimi nasema huyu dada ana haki. Mahubiri mengi yanamgombeza kaka mkubwa, yanamwita mwenye wivu, Farisayo. Baba wa mfano hakumgombeza. Alitoka nje. Soma vizuri uone: baba ametoka nje mara mbili siku ile, mara moja kumpokea aliyepotea, mara ya pili kumbembeleza aliyebaki. Hata kwetu, mwenye shughuli haachi wageni mezani akamfuate mtoto aliyenuna. Yeye aliwaacha. Akamwita mwanangu, akamwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake.

Na mfano unakatikia hapo. Luka hasemi kama aliingia. Ngoma inaendelea ndani, baba na mwana wako nje, basi. Yesu alikuwa akiwaambia Mafarisayo na waandishi walionung'unika kwamba anakula na wenye dhambi, kwa hiyo jibu aliwaachia wao, na baada yao ametuachia sisi.

Siku ile ya pilau, mjomba mmoja aliondoka mezani na sahani mbili, akaenda kukaa bombani. Hakutoa nasaha. Alikula na mpwa wake pale pale kwenye ndoo zilizopinduliwa, kisha akamuuliza zamu za usiku za kumlea mama zinapangwaje, akaandika jina lake Jumamosi na jina la yule kaka Jumapili.

Msikilizaji, usiku huu wewe na wa nyumbani kwako fungueni Luka 15, kuanzia mstari wa 11. Mpeni mtoto asome kwa sauti. Akifika mwisho msimjibie kaka mkubwa, kila mmoja aseme nani amemuudhi katika habari hii na kwa nini. Na kama kwenu yuko dada aliyebaki na mama, mpigie sasa hivi, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, umuulize zamu yako inaanza lini.